Kati ya filamu zote za Ousmane Sembène, mimi ninasimama na Mandabi

Mleta mada

Habari zenu wanajukwaa,

Kila uzi unaomhusu Ousmane Sembène huishia pale pale: mtu mmoja anasema Moolaadé ndiyo kilele chake, wengine wanaitikia, na mjadala unafungwa kabla haujaanza. Moolaadé ninaiheshimu, lakini hukumu hiyo siikubali. Leo nimeamua kuiandika hoja yangu kwa kirefu, ili atakayeipinga aipinge ikiwa kamili. Kwangu mimi, filamu iliyo juu ya nyingine zote ni Mandabi ya mwaka 1968.

Kwa ambao hawajakutana na kazi zake, Sembène alizaliwa mwaka 1923 Ziguinchor, kusini mwa Senegali, mtoto wa mvuvi. Alikuwa kuli bandarini Marseille na mwanachama wa chama cha wafanyakazi huko, akaanza kuandika riwaya kwa Kifaransa, kisha akatambua kwamba watu anaowaandika hawawezi kuzisoma. Hapo ndipo alipokwenda Moscow kujifunza filamu, naye akiwa karibu na umri wa miaka 40. Aliiita sinema shule ya jioni, na ni vigumu kumwelewa bila kukumbuka kwamba hakuingia katika sinema kwa kupenda kamera, bali kwa kutafuta lugha ambayo jirani yake angeielewa.

Mandabi ndiyo filamu ambamo lugha hiyo ilipatikana. Filamu zake za mwanzo, Borom Sarret ya mwaka 1963 na La Noire de… ya mwaka 1966, zilisema Kifaransa. Katika Mandabi watu wanazungumza Kiwolofu, wanagombana kwa Kiwolofu, wanadanganyana kwa Kiwolofu, na ghafla wahusika hawafanani tena na watu wanaosoma mashairi. Inatajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa katika lugha ya Kiafrika, lakini hata kama ingekuwa ya kumi bado ningeipa nafasi hii.

Kisa chenyewe, kinachotokea Dakar, ni kidogo mno. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto wengi, anapokea hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake Abdou anayefagia barabara za Paris. Katika fedha hizo, 2,000 ni za Ibrahima, 3,000 ni za mama yake Abdou, na 20,000 ni za kuwekwa akiba. Posta wanamtaka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Cheti cha kuzaliwa kinataka tarehe, na Ibrahima hana tarehe. Alizaliwa tu, kama walivyozaliwa babu zetu wengi. Wakati huohuo mtaa mzima umeshajua kwamba ana fedha, hivyo wanakuja wakopaji, wadai na ndugu, na mwenye duka anatoa mchele kwa mkopo akitegemea hawala ambayo hakuna aliyeiona ikigeuka noti.

Tazameni mwanzo wake. Kabla hatujaambiwa jina la mtu, tunamwona kinyozi chini ya mti akimnyoa Ibrahima kichwa, kisha anaingiza ncha ya wembe ndani ya tundu la pua na kuondoa vinyweleo, taratibu, kamera ikiwa imesogea karibu kabisa. Mzee ametulia kama mfalme. Anainuka, analirudisha begani lile joho lake pana linalotaka kuanguka kila hatua, na anakwenda nyumbani kula, kunawishwa na kukandwa miguu. Kwa dakika chache hizo Sembène ametuonyesha mtu anayejiona bwana wa dunia yake, na baadaye kila dirisha la ofisi litamnyang'anya kipande kimoja cha ubwana huo. Joho lile lile lililokuwa fahari nyumbani linakuwa mzigo anapopanda ngazi za idara. Makhourédia Guèye analibeba joho hilo kwa ustadi ambao sijauona kwa mwigizaji mwingine yeyote wa Sembène.

Kinachoiweka Mandabi juu ya nyingine ni kwamba haina jitu baya la kuchukiwa. Yupo tapeli, Mbaye, kijana wa suti anayepewa hati ya uwakilishi na kuila hawala, lakini yeye anafika mwishoni tu kukusanya kilichokwisha kuanguka. Aliyemwangusha Ibrahima ni karani anayefuata utaratibu, mpiga picha aliyeharibu picha, majivuno yake mwenyewe, na sisi majirani. Katika filamu nyingine za Sembène unajua mapema uko upande gani. Katika hii unacheka, halafu unagundua kwamba umekuwa ukimcheka baba yako.

Wenzetu wa Tanzania waliliona jambo hili zamani. Amandina Lihamba alikichukua kisa hicho akaandika tamthilia ya Hawala ya Fedha, iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, na waliowahi kuisoma shuleni wanajua kwamba hakuna aliyehitaji kuelezwa Dakar iko wapi.

Karibuni kwa hoja.

Binti Mara

Mleta mada, nimekusoma mpaka mwisho na ninakushukuru kwa kuandika kwa utulivu. Hata hivyo, ninadhani umeipita Moolaadé haraka kwa sababu imesifiwa sana, na kusifiwa si kosa la filamu.

Mimi nimetoka mkoa ambao mwezi Desemba wasichana hukimbilia nyumba salama ili wasikeketwe, kwa hiyo sikuitazama filamu hii kama habari ya Burkina Faso. Wasichana wanaukimbia wembe, wanne wanafika kwa mwanamke anayeitwa Collé, naye anafunga kamba ya nyuzi za rangi mlangoni pake. Basi. Kamba ile haifiki hata magotini. Mtoto anaweza kuiruka. Lakini wakeketaji waliovaa mavazi mekundu wanasimama mbele yake na hawavuki, kwa sababu ulinzi huo, yaani moolaadé, ulitamkwa, na hauwezi kuondolewa mpaka aliyeutamka autamke tena. Unasema kisa cha Mandabi ni kidogo mno. Nionyeshe kitu kidogo kuliko kamba ile kilichobeba filamu nzima.

Halafu kuna redio. Wanaume wanaona kwamba fikra mpya zinaingia kijijini kupitia redio za wake zao, hivyo wanazikusanya na kuzichoma mbele ya msikiti. Rundo linafuka moshi, na baadhi ya redio bado zinaimba na kuzungumza ndani ya moto. Sikumbuki picha yoyote katika Mandabi iliyonifuata nyumbani namna hiyo.

Na usisahau Collé ni nani. Yeye si mwanamke wa mjini aliyeletewa elimu na mgeni. Amekeketwa, amepoteza watoto kwa sababu ya uzazi uliomshinda, na tumboni ana kovu la upasuaji uliomwokoa pamoja na binti yake. Anapochapwa viboko hadharani na mumewe ili alitamke neno la kuivunja hifadhi, wanawake wanampigia kelele asianguke, na anasimama. Fatoumata Coulibaly, aliyemwigiza, ni mwanahabari wa Mali aliyekuwa akipinga ukeketaji hata nje ya filamu. Sembène alikuwa na miaka 81 filamu hiyo ilipotoka mwaka 2004. Mzee wa miaka 81 alitengeneza filamu yenye nguvu kuliko vijana, ikapata tuzo ya kitengo cha Un Certain Regard katika tamasha la filamu la Cannes, nawe unaturudisha kwa mzee anayenyolewa pua!

Mleta mada

Binti Mara, hoja ya kamba imenibana, ninakiri. Ni kweli kwamba hakuna alichokiwaza kwa uzuri zaidi ya hiyo kamba.

Mahali ninapotofautiana nawe ni katika wanaume wa kijiji kile. Ukimwondoa yule muuza bidhaa wanayemwita Mercenaire, mume wa Collé anapobadilika, na kijana aliyerudi kutoka Ufaransa, wazee wengine wamebaki ukuta. Wanakaa pamoja, wanazungumza kwa sauti moja, wanashindwa pamoja. Mwisho wake unatuonyesha yai la mbuni juu ya msikiti, kisha antena ya televisheni, na mtazamaji anaondoka akijua nini cha kufikiri. Mandabi hainiachi hivyo. Mtunga barua wa posta anaposoma barua ya Abdou, tunamwona kijana mwenyewe Paris akiwa na ufagio, na kwa muda huo fedha ambazo mtaa mzima unazigombania zinakuwa jasho la mtu ambaye hakuna anayemuuliza hali. Hakuna aliyetoa hotuba hapo.

Mwalimu Mstaafu

Nimefuatilia kwa makini. Vijana, ninawapongeza, lakini nyote mmeruka filamu ambayo mimi, kwa umri wangu, siwezi kuiruka: Camp de Thiaroye ya mwaka 1988.

Marehemu baba yangu alikuwa Keya, askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza. Alipigana Burma, akarudi na koti la jeshi, nishani moja na ukimya. Hakuwa akisimulia. Nilipoitazama filamu hii kwa mara ya kwanza nikiwa tayari mtu mzima, nilielewa kwamba ukimya ule haukuwa wa baba yangu peke yake.

Wanaoonyeshwa ni askari wa Kiafrika waliopigania Ufaransa, wakatekwa na Wajerumani, wakaokoka na kurudishwa katika kambi ya Thiaroye karibu na Dakar kusubiri malipo yao. Wanapewa chakula kibovu. Wanavuliwa sare. Kisha wanaambiwa kwamba faranga zao za Ufaransa zitabadilishwa kwa nusu ya thamani yake. Wanamzuia jenerali, jenerali anawapa neno lake la heshima la kijeshi kwamba watalipwa sawasawa, na usiku ule wanacheza ngoma. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 vinakuja vifaru. Kwa miaka mingi serikali ya Ufaransa ilitaja idadi ya waliokufa kuwa 35, huku watafiti wakisema walikuwa wengi zaidi; neno mauaji ya halaiki lilitoka rasmi kinywani mwa rais wa Ufaransa mwaka 2024 tu, miaka 80 baadaye.

Lakini tunajadili sinema, si historia, kwa hiyo nitaje mtu mmoja. Yumo askari anayeitwa Pays, aliyetoka Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, akiwa amepoteza uwezo wa kusema, anayetembea na kofia ya chuma ya Kijerumani kichwani. Huyo ndiye aliyeko zamu juu ya mnara vifaru vinapokaribia. Anaviona. Anashuka mbio, anawaamsha wenzake, anaonyesha kwa mikono, anatoa sauti zisizo na maneno, na wenzake wanamtuliza kama mgonjwa na kumwambia vita vimekwisha, alale. Mtu pekee aliyeijua hatari ndiye asiyeweza kuitaja. Sidhani kama kuna tukio lililopangwa vyema zaidi katika kazi zote za Sembène.

Ninaongeza jambo ambalo mleta mada hakulitaja. Mandabi ilipata fedha kutoka mfuko wa filamu wa Ufaransa, na ilibidi ipigwe mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiwolofu. Camp de Thiaroye ilitengenezwa na Senegali, Algeria na Tunisia, bila senti ya Ufaransa. Mtu anayesifu uhuru wa lugha azingatie pia uhuru wa mfuko.

Mleta mada

Shikamoo, Mwalimu. Tukio la Pays sina la kulijibu, nimekaa nalo usiku kucha.

Nitasema mawili tu kwa heshima. Camp de Thiaroye aliiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, kwa hiyo tunapouliza iliyo bora ya Sembène tunalazimika kugawana sifa. Na kuhusu fedha za Ufaransa, mimi ninaona ni ujanja mkubwa zaidi kuichukua hela ya mkoloni wa jana na kuitengenezea filamu ambayo mkoloni huyo atahitaji maandishi ya tafsiri chini ya skrini ili aielewe.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. La ujanja nimelikubali. La kugawana sifa silikubali, kwa sababu Sembène mwenyewe alivaa sare ya jeshi la kikoloni katika vita hivyo, na hilo halikugawanywa na mtu.

Mpita Njia

Naona Xala ya mwaka 1975 haijatajwa kabisa, nami nashangaa, maana hakuna filamu nyingine iliyowavua nguo matajiri wetu wa baada ya uhuru namna ile. Mabwana wa chama cha wafanyabiashara wanawatoa Wazungu ofisini kwa shangwe, kisha Wazungu walewale wanarudi na mikoba, mikoba inafunguliwa, na hotuba ya ukombozi inaendelea kwa Kifaransa safi. El Hadji anaoa mke wa tatu kwa hela ya mchele wa umma, nguvu za kiume zinamtoroka usiku wa harusi, na gari lake la Mercedes linaoshwa kwa maji ya chupa. Wakaguzi waliikata sehemu kadhaa. Anayetaka kucheka na aitazame Mandabi. Anayetaka kucheka huku akijificha uso, hii hapa.

Wa Muscat

Mimi si mtaalamu wa filamu na huwa sichangii, lakini ninyi mnapanga filamu kwa ufundi na hakuna aliyesimama na La Noire de… hata kwa dakika moja.

Nilikuja huku kufanya kazi za ndani. Niliambiwa nitalea watoto. Nilipofika, pasipoti yangu iliwekwa kabatini, na kazi ya kulea watoto ikawa ya kupika, kufua na kudeki mpaka usiku wa manane. Baadaye nilipata mahali pengine penye utu, namshukuru Mungu, na siwalaumu watu wote. Miaka mingi baadaye mtu akanionyesha filamu ya mwaka 1966, nyeusi na nyeupe, ya saa moja tu, ya msichana Diouana aliyechukuliwa kutoka Dakar kwenda Antibes kulea watoto, akajikuta jikoni. Anafika na viatu vya visigino na gauni zuri, anadeki nalo, na bibi mwenye nyumba anamwambia avue viatu, amesahau kwamba yeye ni mtumishi. Nilisimamisha filamu hapo nikatoka nje.

Wapo wanaosema sauti yake ya ndani iko katika Kifaransa ambacho Diouana mwenyewe hakukijua vizuri. Ni kweli, na mwanzoni ilinikera. Lakini mle ndani ya nyumba ile hakuna anayemsikia kwa lugha yoyote; anayemsikia ni mtazamaji peke yake. Na kile kinyago alichowapa waajiri wake kama zawadi, wakakitundika ukutani peke yake kwenye ukuta mweupe, mwisho wake kinarudi Dakar kwenye uso wa mtoto anayemfuata yule bwana hatua kwa hatua hadi kwenye gari. Yule bwana anakimbia. Mtoto hasemi neno.

Mkazi wa Mji wa Kale

Dada wa Muscat, pole, na ahsante kwa kuandika. Baada ya maneno yako nilisita kuchangia.

Nitaleta jina la mwisho lililobaki, Ceddo ya mwaka 1977, nami naileta kwa shingo upande. Binti mfalme Dior Yacine anatekwa ili kupinga watu wa ufalme kusilimishwa kwa nguvu, na mwisho anamuua imamu kwa bunduki mbele ya umati. Kama Mwislamu wa Pwani, filamu hiyo iliniuma, na ninaamini Sembène, ambaye alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu, aliijumlisha dini na wanasiasa wake bila haki. Hata hivyo siwezi kuisahau ile sehemu ya watu kunyolewa vichwa mmoja mmoja na kupewa majina mapya, wala ile ya watumwa kupigwa chapa kwa chuma cha moto huku muziki wa Manu Dibango ukipaa kama kwaya ya kanisa la Wamarekani weusi, miaka mia kadhaa kabla ya wakati wake. Sisi tulioishi jirani na njia za watumwa tunajua kwamba mfanyabiashara wa watu hakuja na rangi moja wala dini moja, na filamu hii inathubutu kulisema. Serikali ya Rais Senghor wa Senegali iliizuia, na sababu iliyotolewa ilikuwa tahajia: neno ceddo, walisema, liandikwe kwa d moja. Sembène aliziacha zote mbili.

Je, ni bora kuliko zote? Hapana. Ninadhani ni jasiri kuliko zote, na hilo ni swali jingine.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Dada wa Muscat, sitajaribu kuipima La Noire de… dhidi ya kitu chochote baada ya ulichoandika.

Jana jioni niliitazama tena Mandabi, safari hii pamoja na mama, ambaye hakusoma shule na ambaye mwaka jana tulizunguka naye ofisi tatu kwa sababu jina lake katika kitambulisho lilipungua herufi moja na kampuni ya simu ikakataa kumsajilia laini. Nilikuwa nikimtafsiria mazungumzo kwa sauti ya chini. Baada ya robo saa akaniambia ninyamaze, anaelewa.

Alicheka pale mke mkubwa, Mety, anapowaambia majirani kwamba mumewe ameporwa fedha zote, ili tu wakopaji waache kubisha hodi. Mama alipiga paja akasema huyo ndiye mwenye akili katika nyumba hiyo. Hakucheka kabisa pale Ibrahima alipotoka damu puani kwa mpiga picha. Na tulipofika mwisho, hawala imekwisha kuliwa, Mbaye amempa Ibrahima mfuko wa mchele kama wa kumfariji, naye anaufungua mfuko ule mlangoni kwa hasira na kuwagawia watu huku wake zake wakihangaika kuuokoa, mama aligeuka akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika mara zote nilizoitazama filamu hii.

"Sasa huyu Mety atawapikia nini watoto usiku huu?"

Binti Mara, nimeirudisha Moolaadé kwenye orodha ya Jumamosi. Mama amesema atakuwepo.